Ugonjwa Wangu na Maisha Nisiyoyakumbuka

Mwaka niliougua nilitaka kumpiga mama mkwe wangu. Nasema mapema ili usije ukadhani unasoma habari za mwanamke aliyepata amani kwenye kitanda cha hospitali. Sikupata amani. Nilipata saratani ya tezi za limfu, dripu kumi na mbili, na hasira ambayo bado ninayo leo, ingawa nywele zimeota na madaktari wananiona kila baada ya miezi sita tu. Naandika kwa sababu najua kuna mtu ameketi sasa hivi kwenye chumba cha kusubiri, karatasi ya namba mkononi, na mtu wake wa karibu amemwambia kwa upole kabisa kwamba ugonjwa huu una sababu, na sababu ni yeye.

Naitwa Sekela. Nimezaliwa Tukuyu, na hapa Brussels nina mwaka wa kumi na moja. Nafua na kupiga pasi katika nyumba ya kulelea wazee. Mume wangu, Nuwan, ni mpishi, kwao ni Sri Lanka. Tulikutana kwenye darasa la Kifaransa la wageni, wote wawili tukiwa hatujui kusema zaidi ya jina na nchi tulikotoka. Tuna binti mmoja, Sanduni, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Mama yake Nuwan, tunamwita Amma, alikuja kuishi nasi mtaa wa Schaerbeek baada ya baba mkwe kufariki. Amma ni Mbudha wa kweli, si wa sanamu ya urembo bafuni. Kila asubuhi huweka maua na glasi ya maji mbele ya Buddha wake sebuleni kabla hajanywa hata chai. Mimi na yeye tunazungumza Kiingereza cha kuungaunga, na miaka ya mwanzo tulielewana vizuri sana, labda kwa sababu maneno yalikuwa machache.

Ilianza kwa kuwashwa. Hakuna upele, hakuna jipu, ngozi safi kabisa, lakini inawasha kama vile siafu wanatembea chini yake. Nilijikuna kwa chanuo, kwa kijiko, kwa kona ya ukuta. Ilikuwa mwezi wa kumi, majani ya miti barabarani kwetu yanaanguka. Daktari wa mtaa wetu alisema ni ngozi kavu, akaniandikia mafuta. Nikarudi, akasema ni sabuni za kazini. Nikarudi mara ya tatu, nimepungua kilo saba na mashuka yanalowa jasho, akaniuliza kama kuna matatizo nyumbani. "Nyinyi wanawake wa kwenu mnabeba mengi," akasema, huku akitazama saa. Nilimshukuru. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka, kwamba nilimshukuru.

Aliyegundua ni Amma. Jumapili moja ya Februari alikuwa ananipaka mafuta ya nazi kichwani, mimi nimekaa sakafuni mbele ya magoti yake. Vidole vyake vikashuka shingoni, vikasimama, vikabonyeza.

"Duwa," akasema, yaani binti kwa lugha yao, "hii nini?"

Kesho yake alivaa koti, akanishika mkono, akanipeleka kwa daktari mwingine. Mpokeaji alisema nafasi ipo wiki ijayo. Amma akaketi, akapakata mkoba wake, akagoma kuondoka mpaka tukaonwa. Nalikumbuka hilo. Mtu asije akasema nimelisahau.

Lakini majibu yalipotoka, tukiwa tumeketi jikoni, Nuwan akilia kama mtoto, Amma alinishika mkono akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Ni karma, duwa. Kitu cha zamani sana. Cha maisha mengine."

Neno hilo nilikuwa nalijua. Hapa kila mtu analijua. Kazini mtu akigombana na mwenzake asubuhi, mchana akamwagiwa supu, wanacheka wanasema karma. Kwa Amma halikuwa neno la kuchekea. Kwake mtu anatenda, tendo linaacha mbegu, na mbegu itaota, ikiwa si katika maisha haya basi katika yajayo. Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba kulikuwa na mtu fulani, sijui wapi, sijui karne gani, aliyefanya ubaya, na mtu huyo ni mimi. Siwezi kumuuliza alifanya nini. Siwezi kumwombea msamaha kwa yule aliyekosewa. Wiki hiyohiyo mama yangu alinipigia kutoka Tukuyu kuniambia mchungaji anauliza kama kuna dhambi niliyoificha. Nilikasirika pia, lakini angalau dhambi anazouliza mchungaji nilikuwa nazikumbuka!

Dripu ya kwanza niliwekewa mwezi wa tatu, na baada ya hapo kila wiki mbili. Kama unaanza, nikwambie mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Moja ya dawa ni nyekundu kama juisi ya rozela, na mkojo wako utakuwa mwekundu, usiogope. Vaa nguo yenye vifungo mbele, kwa sababu kile kifaa wanachokupandikiza kiko kifuani na wewe hutataka kuvua blauzi mbele ya kila mtu. Beba soksi. Sehemu ya kusubiri ina runinga isiyo na sauti na mashine ya kahawa ambayo harufu yake, ukifika dripu ya nne, itakutapisha ukiwa bado kwenye lifti.

Kwenye kiti cha jirani yangu alikuwa Bwana Selim, Mturuki mzee wa kwetu Schaerbeek, aliyekuwa dereva wa tramu kabla hajastaafu. Alikuwa akinitajia vituo vya njia yake ya zamani kimojakimoja wakati muuguzi akichoma sindano, na akifika kituo cha mwisho sindano imeshaingia. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini naugua.

Nywele zilianza kutoka baada ya dripu ya pili. Nikaenda Matonge, mtaa wa Waafrika hapa mjini, kwenye saluni moja ndani ya jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, kwa Maman Béa wa Lubumbashi ambaye alikuwa ananisuka miaka yote.

"Bon," akasema baada ya kupitisha mkono kichwani na kubaki na kishungi kizima. "Tutoshe yote leo, maman. Kungoya ianguke kidogo kidogo, njo inaua roho."

Alininyoa taratibu, akazima redio ili nisikie nikitaka kulia. Alipomaliza, akaniinamia sikioni. "Lakini ugonjwa ya hivi haiko ya bure. Iko muntu alikufunga. Kuya ku kanisa yetu, tutakuombea."

Nikavaa kilemba changu nikatoka. Kwa Amma mkosaji ni mimi wa zamani, kwa mchungaji ni mimi wa sasa, kwa Maman Béa ni mtu mwingine kabisa. Nilipanda tramu na hasira yangu. Mwanamke mmoja akanipisha kiti, nikamkatalia kwa ukali, maskini.

Mwezi wa nne akaja panya. Chembe nyeupe za damu yangu zilikuwa zimeshuka, muuguzi ameshanionya juu ya uchafu, juu ya mboga mbichi, hata juu ya udongo wa maua. Nikakuta mavi ya panya nyuma ya gunia la mchele. Nikanunua mitego. Asubuhi yake mitego haipo. Amma ameitoa, ameifunga kwenye mfuko, ameiweka juu ya kabati.

"Ana uhai," akasema.

"Na mimi?"

"Wewe pia. Ndiyo maana hatuui kwenye nyumba yenye mgonjwa."

Akatega ndoo kwa vipande vya nazi. Siku mbili nzima panya alitamba jikoni mwangu. Siku ya tatu Amma akamfunika na sahani, akapanda naye tramu hadi kwenye bustani akamwachia huko. Mwanamke wa miaka sabini, na magoti yale! Nuwan aliona inachekesha. Mimi niliona kwamba ndani ya nyumba hii maisha ya panya yalikuwa yamepewa uzito, na yangu yalikuwa yamepewa maelezo.

Kisha akaalika watawa. Kuna nyumba nje kidogo ya mji ambayo Wasri Lanka wameifanya hekalu. Watawa wawili walikuja na kanzu zao za rangi ya manjano iliyoiva na soksi nene za sufu, kwa maana baridi ilikuwa haijaisha, pamoja na watu kama kumi waliovaa nyeupe. Amma alipika tangu alfajiri, maana watawa hawali baada ya saa sita mchana. Walipomaliza kula, Amma na Nuwan wakashika birika pamoja, wakamimina maji kwenye kikombe mpaka kikafurika, huku watawa wakiimba. Hivyo ndivyo wanavyogawa thawabu ya chakula kile, na siku hiyo thawabu ilikuwa yangu. Mwanamke mmoja akaniegemea akanong'ona kwamba nisikate tamaa, maana kuzaliwa binadamu tu ni dalili kwamba huko nyuma nilitenda mema mengi. Asubuhi ile nilikuwa nimetapika mara nne. Nilimjibu kwa Kinyakyusa, na sitaandika hapa nilichosema.

Haya yote ningeweza kuyameza. Lililonishinda lilitokea mwezi wa tano, siku mbili baada ya dripu ya sita.

Nilikuwa nimelala kwenye kochi, vidonda vimejaa mdomoni. Sanduni alikuwa anachora pembeni yangu. Akanyanyuka, akanishika mkono, na kwa kalamu yake ya rangi ya zambarau akanichora duara kwenye kifundo.

"Unafanya nini, mama?" nikamuuliza.

"Naweka alama. Bibi amesema ukifa utazaliwa tena. Sasa utakuwa mtoto mchanga na mimi nitakuwa mkubwa. Nitakujuaje?"

Aliuliza hivyo kama anavyouliza kesho tunakula nini. Akaanza kulijaza duara, taratibu, ulimi nje, asitoke nje ya mstari.

Nikamwacha amalize. Kisha nikaenda jikoni. Amma alikuwa anamenya vitunguu saumu.

"Unamwandaa mwanangu kunizika," nikasema. "Mimi nipo hai, nipo chumba cha pili, na wewe unamfundisha kunitafuta kwa watu wengine!"

"Aliniuliza, duwa. Aliniuliza kama utakufa."

"Ungemwambia hapana!"

"Nisingeweza kumwambia uongo."

Nikachukua bakuli la vitunguu nikalitupa kwenye sinki. Likapasuka. Nilimwambia arudi kwao. Nilimwambia Buddha wake ni wa watu wenye afya. Nuwan alipotoka kazini nikamwambia achague. Akasimama mlangoni na koti lake, akasema yale ambayo wanaume husema, kwamba mama ana nia njema.

"Nia njema yake inamfundisha mtoto wako msiba," nikamwambia. Akaenda kusimama kwenye balkoni. Tukaishi wiki tatu kama wapangaji waliokutana kwenye ngazi. Amma aliendelea kunipikia uji wa mchele na tangawizi, akauweka mezani, akaondoka chumbani kabla sijaketi. Niliula. Ni chakula pekee kilichokuwa kinapita.

Mwezi wa sita, siku ya mvua, Amma alianguka kwenye ngazi za jengo akiwa amebeba kapu la nguo za kufua. Kazi hiyo ilikuwa yangu kabla sijaugua. Nuwan alikuwa kazini, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Tulikaa kwenye chumba cha dharura kwa muda wa saa tano, mimi na kilemba na barakoa, yeye na mkono uliovimba kama mhogo, umefungwa kwa kanga yangu. Kila muuguzi aliyepita alitutazama asijue mgonjwa ni nani.

Sikumwonea huruma. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea. Nilikaa nikitazama sura yake imepauka kwa maumivu, na neno lililokuwa limenikaa kooni tangu Februari likatoka.

"Haya, Amma. Ulifanya nini katika maisha yaliyopita?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, kana kwamba nimemuuliza swali la kawaida.

"Sijui," akasema. "Nadhani niliteleza. Ngazi zilikuwa na maji."

Nilicheka kwa sauti hadi mtu akageuka. "Kwa hiyo wewe ni maji, na mimi ni karma?"

Waliita namba mbili, hazikuwa zetu.

"Mume wangu alipokufa," akasema, "dada zake walisema niliweka chumvi nyingi. Miaka yote nilimlisha chumvi, nikamuua. Mwaka mzima nilikaa nahesabu vyakula. Samaki yule, achari ile. Nilikuwa siwezi kuingia jikoni. Halafu mtawa mmoja akaniambia, hii imetoka mbali, maisha ambayo hakuna anayeyakumbuka, si wewe na chumvi yako. Siku ile nililala. Wewe ulipougua nilikuona unahesabu. Sabuni za kazini, pasi, kwa nini hukwenda kwa daktari mapema. Nikakupa kile nilichopewa mimi."

"Mimi hakikunilaza, Amma. Kiliniua."

"Nimeona," akasema. "Nimeona, lakini nilikuwa sina kingine."

Nikamrekebishia kanga begani. Hatukukumbatiana. Bado nilikuwa nimekasirika, ila sasa nilikuwa nimemkasirikia mtu, si ukuta.

Mtawa alipokuja kumjulia hali, yule mdogo kati ya wale wawili, nilimngoja kwenye korido. Nikamuuliza bila kuzunguka: dini yenu inasema nimejiletea saratani mwenyewe, ndiyo au hapana?

"Hapana," akasema, akashangaa. Akanieleza kwamba Buddha mwenyewe alikataa kusema kila maumivu yanatokana na matendo ya zamani. Mwili unaugua kwa mwili, kwa hali ya hewa, kwa ajali, kwa mambo mengi, na karma ni mojawapo tu. Na kukaa kupekua ipi ni ipi, alisema, ni njia ya kumtia mtu wazimu.

"Sasa kwa nini hamuwaambii watu?"

"Tunawaambia," akasema, akijikuna kichwa chake kilichonyolewa kama changu. "Ila lile jibu la karma ni fupi zaidi."

Nilitaka kumkasirikia na yeye, nikashindwa.

Bwana Selim alikufa mwezi wa nane, kati ya dripu yangu ya kumi na moja na ya mwisho. Nilikuta kijana amekaa kwenye kiti chake, anasoma simu. Sindano ilipoingia nilijaribu kuvitaja vile vituo mwenyewe, nikavichanganya.

Septemba skani ikatoka safi. Tulirudi nyumbani wote wanne. Nuwan alikosea ufunguo mara mbili kabla mlango haujafunguka. Amma, mkono wake umeshapona, aliwasha taa mbele ya Buddha, akageuka, machozi yanamtoka, akasema, "Thawabu zimefanya kazi, duwa. Mema yamekufikia."

Nami nikapandwa tena na hasira, siku ileile ya furaha.

"Usiseme hivyo! Bwana Selim alikuwa na watoto watano wanaomwombea. Yeye alikosa nini? Mema yake yalipungua wapi? Kama kupona kwangu ni malipo, basi kufa kwake ni malipo. Sitaki kupona kwa namna hiyo."

Nuwan alifumba macho, akingoja bakuli jingine lipasuke. Amma aliushusha mkono wenye kiberiti.

"Hilo silijui," akasema. "Kweli silijui."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo kuhusu mtu mwingine na si kuhusu ngazi. Kisha akauliza kama mke wa Bwana Selim yupo hai, na anakaa wapi. Jumamosi alinivuta hadi kwake na sufuria la wali. Mama yule hakujua Kiingereza wala sisi Kituruki. Tulikaa saa nzima tukinywa chai, hakuna aliyemweleza mwenzake chochote.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa uchunguzi wa kawaida. Mvua nje, makoti yanatoa mvuke, mashine ileile ya kahawa. Mbele yangu alikaa binti wa miaka ishirini na kitu, kilemba kipya kimefungwa vibaya kama wanavyofunga wanaoanza. Pembeni yake mama mmoja wa Bujumbura, nilimtambua kwa Kiswahili chake, anazungumza bila kupumua. Kwamba Mungu anamwonyesha kitu. Kwamba ajiulize aliishi vipi tangu aje Ulaya. Kwamba ugonjwa hauji hivihivi. Sauti yake ilikuwa laini, amemshika mkono, anampenda, ilionekana wazi. Binti alikuwa anatazama runinga isiyo na sauti.

Nikasimama.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Samahani. Mwache."

Akageuka ameduwaa. Hakutegemea kwamba humu ndani kuna mtu anayemwelewa. Akautazama uso wangu. Hakuniitikia shikamoo.

Binti aliuchukua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha upande wa pili, akauweka sakafuni, nami nikaketi.